Sahani ya Jumanne

Bismillahi. Nilistaafu mwezi uliopita, na vijana wa idara ya lishe wameniomba niwaandikie niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Waliniomba kwa adabu, lakini niliwaelewa: wanadhani nimeshaanza kuyasahau. Vyeo sitavitaja, na mishahara pia nitaiacha kwa kuwa haikuwa na mengi ya kusema. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenilisha miaka yote hiyo huku mimi nikiwaambia wengine namna ya kula.

Mimi ni mzaliwa wa Bondeni, Nakuru mjini. Nilisoma madrasa kabla ya shule, na baadaye nikawa nafundisha watoto Kurani siku za Jumamosi. Ndiyo maana hata kule milimani, ambako msikiti uko mmoja na uko mbali, watu waliniita Ustadh. Wengine waliniita Daktari wa Mboga. Niliitikia yote mawili.

Siku yangu ya kwanza hospitalini nilifika na kitabu cha majedwali kwapani. Ndani yake mlikuwa na kiasi cha kila kirutubisho anachohitaji mtu kwa siku: mtoto, mama mjamzito, mzee, mwanamume wa kazi nzito. Nilikuwa nimekikariri kama nilivyokariri juzuu ya mwisho utotoni, na nilikuwa na hamu mtu aniulize swali. Hakuna aliyeniuliza. Nilipokewa na msimamizi wa jiko, Madam Njeri, mama mfupi mwenye sauti ndefu, ambaye alinipa aproni na kunionyesha gunia la viazi.

Nilimenya viazi siku tatu. Siku ya nne nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba mimi ni mtaalamu wa lishe.

"Najua," akasema. "Lakini viazi havijui. Menya."

Ofisi yetu ilikuwa na vifaa vitatu: upawa, kikombe cha plastiki cha manjano, na mizani ya jikoni ambayo sindano yake ilikwama kwenye gramu arobaini. Kila kitu katika hospitali ile kilikuwa na gramu arobaini mpaka uigonge mizani ubavuni. Ninyi mna mizani za betri. Ni nzuri, lakini zikikwama hamna pa kugonga.

Mwezi wa pili nilimwendea Madam Njeri nikiwa na hofu. Nilikuwa nimepiga hesabu ya chakula cha mama mmoja wodini, asiyepungukiwa na damu, anayengoja tu mguu wake upone, nikakuta madini ya chuma anayokula yamepungua miligramu mbili kutoka kile kipimo cha kitabuni. Nilitaka aongezewe maini haraka. Madam Njeri alifuta mikono, akanishika kiwiko, akanipeleka hadi kwenye mlango wa wodi.

"Huu mlango una urefu gani?"

"Karibu futi saba."

"Na wewe?"

"Futi tano na nusu."

"Basi umepungukiwa futi moja na nusu. Rudi kwenu ukue, halafu uje upite."

Nimehudhuria semina nyingi tangu siku ile, nyingine zilikuwa na chai na sambusa, lakini sijapata kuelezwa vizuri zaidi. Fundi hajengi mlango kwa kipimo cha mtu wa wastani, maana nusu ya watu wangegonga vichwa. Huujenga juu kiasi kwamba karibu kila mtu apite. Vipimo vya kitabuni vinavyopendekezwa kwa siku vingi vimewekwa hivyo hivyo: wataalamu hutafuta mahitaji ya mtu wa katikati, kisha hupandisha juu mpaka karibu watu wote wenye afya wawe ndani. Kwa hiyo mtu aliye chini kidogo ya kipimo huenda hajapungukiwa na kitu. Aliye chini sana, na kwa muda mrefu, huyo mtafute. Na kwa virutubisho vingine kuna paa pia, kiwango ambacho hakifai kupitwa kila siku, kwa hiyo anayerukaruka mlangoni kwa furaha naye aangalie kichwa.

Yule mama alirudi nyumbani kwa miguu yake miwili, bila maini yangu.

Baada ya hapo nilianza kutumwa vijijini. Huko ndiko nilikojifunza kwamba watu hawasikii namba. Wanasikia kile wanachokijua tayari, kisha wanaivalisha namba yako nguo zao. Nilikuwa Keringet siku moja, nje ya ofisi ya chifu, nikieleza kwamba mahitaji ya mwili hutofautiana kwa umri na kwa kazi. Mzee mmoja mfugaji akainua mkono.

"Hiyo tunaijua, daktari. Ng'ombe wangu nampimia unga wa mifugo kulingana na lita anazotoa. Akipanda lita, napandisha unga. Sasa huyu mama watoto," akamwonyesha mkewe aliyekaa kando yake, "nimpimie kulingana na nini?"

Mkewe hakugeuka. Alikuwa anafuma sweta, na sindano hazikusimama.

"Daktari, kabla hajanipimia mimi," akasema, "muulize yeye anatoa nini."

Mkutano uliahirishwa kwa dakika kumi watu wapate kucheka vizuri. Yule mzee alicheka pia, baada ya dakika ya sita hivi.

Hata mjini haikuwa nafuu. Msikitini kwetu kuna rafiki yangu, Mzee Swaleh, muuza vipuri vya magari, mcha Mungu asiyependa kubaki na deni la ibada. Mwezi mmoja wa Ramadhani aliugua, akafungua siku nne, na baada ya Idi akazilipa zote nne kama inavyotakiwa. Nilimsifu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama zile siku nne alizougua, ambazo hakula mboga yoyote, zina kadha yake pia, yaani zinalipwa kama funga. Nilikuwa na haraka. Nilimjibu kwamba mwili hupenda kufidiwa, nikaondoka. Mzee Swaleh alikwenda nyumbani akalipa mboga za siku nne kwa siku moja: sukuma, managu, maharagwe na nusu papai. Adhuhuri ya siku iliyofuata aliswali nyumbani. Alasiri pia. Nilipokwenda kumjulia hali alinitazama kwa muda akasema, "Ustadh, nyuzinyuzi hazikubali kulipwa kwa mkupuo." Alikuwa amefanya utafiti.

Hapo nilikuwa nimeonywa vya kutosha kuhusu haraka yangu. Lakini binadamu ni msahaulifu, na sasa ninafika kwenye kosa langu kubwa.

Nje kidogo ya Molo kuna shule ya bweni ya wasichana. Jina lake naliacha. Mpishi mkuu ni Mama Chebet, ambaye alianza kazi pale jiko likiwa la mabati na mwiko wake ukiwa mrefu kama mpini wa jembe. Jiko sasa ni la mawe. Mwiko ni ule ule. Menyu yake ilifuata kile ambacho Molo inatoa na bajeti inaruhusu: Jumatatu wali na ndengu, Jumanne githeri, yaani mahindi na maharagwe, pamoja na kabeji, Jumatano viazi na karoti, Alhamisi ugali na mboga za kienyeji, Ijumaa maharagwe na chungwa moja kwa kila msichana. Asubuhi uji wa maziwa, kila siku. Nilikaa pale juma zima nikipima na kuandika. Nilipojumlisha siku zote na kugawanya, sikuona pengo la kunitia wasiwasi.

Nilipaswa kusema asante na kuondoka. Badala yake nikatengeneza chati.

Ilikuwa chati nzuri, naomba niseme ukweli. Karatasi ya manila, mistari iliyonyooka, nishati, protini, chuma, kalisi, vitamini A, vitamini C, kila kimoja na kiasi chake kwa msichana wa umri ule. Juu niliandika: VIPIMO VYA LISHE VYA KILA SIKU. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na kalamu nyekundu mezani na mimi nilikuwa nimeishika, nikaongeza chini yake: LAZIMA VITIMIZWE. Tukaitundika kwenye bwalo la chakula, kati ya saa na dirisha. Mama Chebet aliitazama, akasema imependeza, na akaendelea kupika kama kawaida.

Muhula uliofuata bodi ya shule ilipata mwenyekiti mpya, Bwana Gathogo. Huyu alikuwa mtu mwema, na msije mkamdhania vingine. Alisafirisha viazi kwa lori kutoka Molo karibu maisha yake yote, na alijulikana kwa jambo moja: hakubeba lumbesa. Mkulima akileta gunia lililotiwa nundu ya wavu juu, viazi vikimwagika kama nywele, Gathogo alikuwa analishusha. Aliheshimu kipimo. Basi akaingia bwaloni Jumanne moja, akavaa miwani, akaiweka sahani ya githeri na kabeji chini ya chati yangu, akaanza kusoma mstari kwa mstari.

Simu ya Mama Chebet ilinifikia jioni ile.

"Ustadh, umeshindaje?"

"Alhamdulillahi, mama. Na wewe?"

"Mimi sijashinda. Karatasi yako imenishtaki."

Alikuwa amepewa barua. Katika siku saba aieleze bodi kwa nini sahani ya Jumanne haina vitamini A ya kutosha, na kalisi haifiki hata robo. Asipoeleza, kazi ingepewa kampuni ya mapishi kutoka mjini, na yeye aende.

"Nimebakisha miaka miwili tu nistaafu," akasema. "Nimewapikia hawa watoto na mama zao. Nikifika nyumbani nitasema nini? Nimefukuzwa na kabeji?"

Nilimwambia atulie, nitakuja. Kisha niliswali rakaa mbili, nikamwomba Mungu anionyeshe kosa la mwenyekiti. Akanionyesha langu.

Jumanne iliyofuata niliondoka Nakuru alfajiri. Molo kulikuwa na ukungu, na baridi ile inayomfanya mtu aongee kwa kifupi. Tulikaa kwenye bwalo la chakula: mwalimu mkuu, Bwana Gathogo, wajumbe wawili wa bodi, mimi, na Mama Chebet aliyevaa aproni iliyopigwa pasi kana kwamba anakwenda kanisani. Nilieleza kwamba vipimo vile hutimizwa kwa wastani. Kwamba msichana hapimwi kwa sahani moja, wala kwa siku moja, bali kwa mwendo wa siku kadhaa, na kwamba mlo wa mchana ni sehemu tu ya siku.

Bwana Gathogo alinisikiliza hadi mwisho, bila kunikatiza.

"Ustadh, nimekuelewa," akasema. "Lakini mimi ni mtu wa lori. Ukifika kwa mizani ya barabarani huwezi ambia afisa, boss, jana nilipita nikiwa mwepesi, kwa hivyo leo niruhusu nizidishe. Atakushika. Kila safari inapimwa peke yake. Sahani pia ni safari. Na hapa umeandika lazima. Tena na nyekundu."

Ilikuwa hoja nzuri, na alikuwa amevaa miwani. Mwalimu mkuu alitazama meza. Mjumbe mmoja akachukua kalamu, nami nikajua anachotaka kuandika.

Mama Chebet akainuka.

"Mwenyekiti, mimi si msomi. Hii sheria mnaisoma tu, hakuna mtu ameionja. Nipeni saa moja niwapikie."

"Upike nini?"

"Hiyo karatasi. Yote. Kwa sahani moja."

Bwana Gathogo akasema ni haki. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililomponza.

Saa moja baadaye Mama Chebet alirudi na sufuria zake, akaniambia nisimame chini ya chati nisome kwa sauti kama imamu, yeye atapakua. Nikasoma nishati. Akapakua githeri upawa mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka akaiacha sahani na kuchukua sinia. Nikasoma protini. Akasema, "Hiyo imo, iko chini huko." Nikasoma chuma. Akaweka managu, kilima kizima. Vitamini A, karoti. Vitamini C, chungwa juu kabisa, likabingirika likaanguka, akalirudisha.

"Kalisi," nikasoma. "Miligramu elfu moja mia tatu."

"Hiyo ni maziwa vikombe vingapi?"

"Vinne. Na kidogo."

Akapanga vikombe vinne vya maziwa mbele ya mwenyekiti. Kisha akaweka glasi ndogo kando yavyo.

"Na kidogo," akasema.

Ilikuwa saa ya mapumziko, na madirisha yote yalikuwa yamejaa wasichana. Halafu sauti moja huko nyuma ikasema taratibu, "Ai. Hiyo si ni lumbesa?"

Bwana Gathogo alisikia. Sote tulimwona amesikia. Lakini alikuwa mtu wa neno lake: akavua kofia, akainamisha kichwa, akaomba, akaanza kula. Alikula kwa uaminifu mkubwa. Githeri ilikuwa tamu, alisema. Kikombe cha kwanza cha maziwa kilikwenda vizuri. Kwenye cha pili alifungua kifungo cha koti. Kwenye cha tatu alikishika tu, akakitazama kama mtu anayetazama mlima na lori lisilo na gia ya kwanza.

"Mama," akasema, "na hii ni ya siku nzima, sindiyo?"

"Hapana, mwenyekiti. Hii ni ya mchana. Jioni nitakuwekea ingine. Si umesema kila safari inapimwa peke yake?"

Akaweka kikombe chini, polepole. Kisha akanigeukia mimi.

"Ustadh. Sasa mwili unapimwa wapi, kama si kwa sahani?"

"Mwili hauna mizani ya barabarani," nikamwambia. "Una ghala. Wewe una ghala la viazi nyumbani. Siku usipoingiza gunia, watu wako wanalala njaa?"

"Hapana. Wanakula yale ya juzi."

"Na usipoingiza msimu mzima?"

"Hapo sasa tutaona sakafu."

"Ndivyo ilivyo. Vitamini A ya karoti za Jumatano, ini linaiweka, na Jumanne mwili unachota. Vingine havikai sana, vinataka kurudiwa baada ya siku chache, ndiyo sababu ya chungwa. Huyu mama anaingiza ghalani kila wiki. Ghala lake halijawahi kuona sakafu."

Alifikiri. Mtu aliyeshiba vile hufikiri taratibu.

"Mbona hukuandika ghala kwa hiyo karatasi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema lile nililoonyeshwa kwenye zile rakaa mbili, na si rahisi mbele ya bodi na madirisha yaliyojaa wasichana.

"Nilikuwa na kalamu nyekundu, mwenyekiti. Kosa ni langu. Niliandika lazima mahali pa kuandika kwa wastani, na wewe ukaniamini. Kama kuna barua ya kujieleza, ilipaswa kuja kwangu."

Bwana Gathogo alinyoosha mkono mezani, akaichukua ile barua iliyokuwa mbele ya Mama Chebet, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa koti.

"Hii narudi nayo nyumbani," akasema.

"Na maziwa yaliyobaki?" akauliza Mama Chebet.

"Mathe, wacha nipumue kwanza."

Nilipanda juu ya stuli siku ile ile, nikaifuta LAZIMA kwa wino mweusi, na pembeni nikaandika: kwa wastani, kwa siku kadhaa. Doa lile jeusi lipo hadi leo, baya kabisa, katikati ya kazi yangu nzuri. Nimewaomba wasilibadilishe. Ninyi vijana mkiingia jiko la mtu na majedwali yenu, ambayo sasa yamo kwenye simu, kumbukeni kwamba mnayemsomea atayatii. Mwambieni kwanza kipimo ni cha nani, na cha muda gani. Kalamu nyekundu iacheni ofisini.

Bwana Gathogo bado ni mwenyekiti. Hupita jikoni mara kwa mara, na nasikia hupakuliwa kidogo tu, kwa ombi lake. Mama Chebet atastaafu mwaka huu, muhula wa tatu ukifungwa, akiwa na mwiko wake mkononi, inshallah.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda kumuaga. Ilikuwa Jumanne. Akaniwekea githeri na kabeji, akakaa mbele yangu, akanitazama nikila. Nikasema alhamdulillahi. Kisha, kwa sababu ya mazoea ya miaka mingi, jicho likapita juu ya sahani kutoka ukingo hadi ukingo.

"Mama," nikasema, "sioni vitamini A."

"Kesho kuna karoti, Ustadh," akasema. "Subiri."